Nani kaenda kwenye nyota na futi? Jibu la msomaji kutoka Tanga

Mhariri, asalaam aleykum.

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nipo Ngamiani hapa Tanga, kazi yangu fundi simu. Gazeti lenu likifika kijiweni kwetu linapita mikono mingi, mimi nalipata jioni likiwa limeshakunjwakunjwa lakini nalisoma lote mpaka matangazo ya vifo. Sasa juzi kwenye ukurasa wa barua kuna msomaji mwenzetu kaandika kwamba hizi habari za nyota fulani iko umbali fulani, ina joto kiasi fulani, imetengenezwa na gesi fulani, zote ni za kubuni, watu wanajitungia tu maofisini, maana nani kaenda kule na futi akapima? Nimelala na hilo swali siku tatu. Nataka nimwambie huyo ndugu kwamba swali lake ni zuri kuliko anavyodhani, watu wenye akili zao wamelihangaikia miaka mia kadhaa, na jibu lipo, tena mwanzo wa jibu mtu yeyote wa pwani anao.

Ni kweli hakuna aliyeenda. Ila mwanga wa nyota unakuja wenyewe kila usiku mpaka kwenye jicho lako pale barazani, na kazi ya mwanaastronomia ni kuupokea, kuupima, na kuubana kwa maswali mpaka useme umetoka wapi na umepita wapi.

Mi nimekulia kwenye mitumbwi ya dagaa ya ami yangu pale Sahare. Mnajua usiku wa giza, mwezi haupo, bahari inavyowaka taa kama kuna mji mwingine kule nje. Zamani zilikuwa karabai, sa hivi wengi wana taa za betri na sola. Siku moja ami akanionyesha taa moja iliyofifia akaniuliza, mwanangu, yule ni mtu wa mbali mwenye taa kali au wa karibu ambaye taa yake inakata? Nikaangalia weee, sikuweza kujibu. Na hakuna anayeweza kujibu kwa kuangalia ukali peke yake, hilo ndo tatizo la kwanza kabisa la mtu anayepima nyota. Nyota inayong'aa inaweza kuwa ndogo na iko jirani, inayofifia inaweza kuwa jitu la ajabu lililo mbali sana. Ile Shi'ra iliyotajwa kwenye Qur'an, sura ya An-Najm, wenyewe wanaiita Sirius, ndo nyota inayong'aa kuliko zote usiku, na sababu moja kubwa ni kwamba iko karibu, miaka 8.6 ya mwanga. Suheli ambayo wazee wa majahazi wanaijua inashika nafasi ya pili, lakini yenyewe iko umbali wa miaka ya mwanga kama 310, kwa hiyo taa yake ni kali mara nyingi sana kuliko ya Shi'ra. Kwa macho utadhani wanalingana lingana. (Mwaka wa mwanga ni umbali, sio muda, mwanga unakimbia kilometa kama 300,000 kwa sekunde moja, kwa hiyo kwa mwaka mzima unakwenda kilometa trilioni 9.5 hivi. Kutoka kwenye jua mpaka kwetu unatumia dakika 8 na sekunde 20.)

Lakini ami alikuwa na ujanja wake. Kama anajua taa ya Fulani ni ya aina gani, ile ile aliyoiona imewashwa pale ufukweni, basi akiiona imefifia kiasi gani huko nje anakadiria yuko umbali gani. Na hapo kuna kanuni haibadiliki: ukiwa mbali mara 2, mwanga unaokufikia unakuwa robo, ukiwa mbali mara 3 unakuwa sehemu 1 ya 9. Mwanga hauchoki njiani, unatandaa tu, kama kijiko kile kile cha samli unakipaka kwenye chapati kubwa zaidi, samli ni ile ile lakini kila kipande kinapata kidogo. Kwa hiyo ukijua mambo mawili kati ya haya matatu, yaani ukali wa taa yenyewe, ukali unaoonekana na umbali, la tatu unalipata kwa hesabu.

Haya, umbali wa kwanza waliupataje bila kwenda? Simama Raskazone uangalie mtumbwi ulio mbele ya kisiwa cha Toten, halafu tembea mita mia mbili pembeni uangalie tena, mtumbwi utaonekana umehama ukilinganisha na kisiwa, kumbe uliyehama ni wewe. Ukijua umetembea kiasi gani na mtumbwi umehama kwa pembe gani, umbali unatoka kwenye hesabu za pembetatu za form two. Wanaastronomia wanafanya hivo hivo ila hatua yao ni kubwa, wanaangalia nyota leo halafu wanasubiri miezi 6 dunia ivuke upande wa pili wa jua, hapo wamehama kilometa kama milioni 300. Na bado pembe yenyewe ni ndogo kupita kiasi, chukua nyuzi 1 uigawe vipande 3,600, nyota zote, hata ile ya jirani kabisa baada ya jua, hazifikishi vipande viwili. Mjerumani Friedrich Bessel ndo alifanikiwa mwaka 1838, kwa nyota inaitwa 61 Cygni iliyoko miaka ya mwanga kama 11. Chombo cha Ulaya cha Gaia kilichorushwa Desemba 2013 kimepima nyota karibu bilioni 2, ingawa sio zote kwa usahihi ule ule. Kwa hiyo ndugu yangu, futi ipo, urefu wake ni kilometa milioni 300.

Sasa niingie kwenye ukali, hapa ndo kwenye kazi yangu. Zamani watu walipima kwa macho, Mgiriki Hipparchus zaidi ya miaka 2,000 iliyopita anasemwa ndo aliyezipanga nyota madaraja 6, la kwanza kali na la 6 zile za kubahatisha. Mwaka 1856 Mwingereza Norman Pogson akaweka hesabu sawa, kwamba tofauti ya madaraja 5 ni mara 100 kamili, na mpaka leo wanatumia hivo, namba ikiwa ndogo ndo nyota kali, Shi'ra yenyewe imeshuka mpaka chini ya sifuri, −1.46. Ila siku hizi jicho halipimi tena. Kinachopima ni ndugu wa hiki kitu ninachokibadilisha kila siku mezani, sensa ya kamera. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith kule Marekani waligundua sensa inayoitwa CCD, wakapata Nobel mwaka 2009. Ukiiweka chini ya lensi kali unaona vijumba vidogo vidogo, pikseli, kila kimoja ni kama kindoo, mwanga ukidondoka unang'oa chembe za umeme, zinajikusanya kwenye kindoo, mwisho mashine inahesabu kila kindoo kina ngapi. Yaani nyota inageuka namba, na namba huwezi kubishana nayo kama unavyobishana na jicho.

Na namba hizo hawazipokei kibubusa. Nyie mmeona simu ikipata moto ukapiga picha usiku inavyojaa chengachenga, ule sio mwanga, ni joto la sensa yenyewe linajifanya mwanga, ndo maana kamera za darubini kubwa wanazipoza baridi kali sana. Halafu wanapiga picha na kifuniko kimefungwa, giza totoro, wanaona ni kiasi gani cha uongo kimo ndani, wanakitoa, sawa na mama muuza dagaa anayepima ndoo tupu kwanza kabla hajaijaza. Kisha kuna hewa yetu hii, nyota ikiwa chini karibu na bahari mwanga wake umepita kwenye hewa nyingi, unafifia na kuwa mwekundu kama jua la magharibi, kwa hiyo wanapima ikiwa juu na ikiwa chini wanarekebisha. Na mwisho wanalinganisha na nyota ambazo ukali wake ulishapimwa ukajulikana, Vega ndo ilitumika miaka mingi kama jiwe la mizani. Wale wa Wakala wa Vipimo wanavyopita sokoni na mawe yao kukagua mizani ya watu, ni mambo yale yale.

Rangi sasa. Nenda kwa fundi wa kuchomelea au mfua vyuma uangalie chuma kinavyopata moto, kinaanza chekundu, kinakuwa cha machungwa, kinakuja njano, kikizidi kinaelekea weupe. Nyota zinafuata kanuni hiyo hiyo, na sababu yake ilikaa vizuri kwenye hesabu za Max Planck mwaka 1900. Kwa hiyo wanapima ile ile nyota mara mbili, mara moja kupitia kioo cha bluu na mara nyingine kupitia kioo cha kijani-njano, wanaangalia wapi umeingia mwanga mwingi, na hapo hapo wanajua joto la uso wake. Mwezi huu wa Desemba saa mbili usiku geukia mashariki, utaona nyota tatu zimejipanga mstari, ubavu mmoja wa zile tatu kuna nyota nyekundu Betelgeuse na ubavu wa pili kuna Rigel yenye weupe wa kibluu, majina yote hayo asili yake Kiarabu, Rigel ni mguu. Ile nyekundu uso wake una nyuzi kama 3,300 tu, jua letu 5,500, na Rigel inakaribia 12,000. Bluu ndo moto zaidi, ingawa mabomba ya hotelini wameandika kinyume.

Lakini moyo wangu wote uko kwenye hili linalofuata, naomba mhariri usilikate.

Mwaka 1835 mwanafalsafa mmoja Mfaransa, Auguste Comte, mtu mkubwa kabisa, aliandika kwamba umbo la nyota na umbali wake tunaweza kuvijua lakini zimetengenezwa na nini hatutajua kamwe. Yaani yale yale ya msomaji mwenzetu. Akafariki 1857. Miaka 2 tu baadaye jibu likapatikana, na lilikuwa jikoni.

Umeshaona maji ya chumvi, ya wali au ya muhogo, yakifurika yakamwagikia jiko la gesi? Moto wa bluu unageuka njano ghafla. Ile njano ni sodiamu iliyo kwenye chumvi, na kila mahali duniani sodiamu ikipata moto inatoa njano ile ile, haiwezi kutoa nyingine. Mimi kwenye kazi nimeona waya za shaba zikichomwa ili kutoa plastiki, moto unatoka kijani kizuri (moshi wake ni sumu, msiige). Ile ni shaba inajitaja jina. Wajerumani wawili, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, mwaka 1859 na 1860 walichukua moto wa vitu mbalimbali wakaupitisha kwenye prizimu, ile pembetatu ya kioo inayochambua mwanga kuwa rangi kama upinde wa mvua, wakakuta kila kitu kikiwa mvuke wa moto kina mistari yake, sehemu zake maalum kwenye rangi, hazigongani na za kitu kingine, kama alama za vidole pale NIDA. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja waliona moto unaunguza sehemu ya mji wa Mannheim, ng'ambo ya bonde, wakaelekeza kifaa chao wakaona humo mistari ya bariamu na strontiamu. Hawakwenda na futi. Na wakajiuliza, kama tunaweza kujua kinachoungua Mannheim, kwa nini tusijue kinachowaka juani?

Na jua lilikuwa limeshawekewa alama zake. Mwaka 1814 fundi wa vioo Joseph Fraunhofer, fundi kama mimi na wewe, alichambua mwanga wa jua akaona ndani ya zile rangi kuna mistari myeusi, akahesabu zaidi ya 500, hakujua maana yake. Kirchhoff akaelewa: mwanga unatoka chini umejaa rangi zote, unapita kwenye gesi zilizo juu yake ambazo zimepoa kidogo, kila gesi inameza rangi yake, ndo maana mahali pa rangi ile panabaki giza. Pale pale chumvi inapotoa njano jikoni, jua lina mstari mweusi. Kwa hiyo juani kuna sodiamu. Kuna chuma pia, kuna kalsiamu. Hebu fikiria, mtu amekaa chumbani kwake na kipande cha kioo anajua kuna chuma kwenye jua.

Halafu Agosti 18, 1868 jua lilipatwa, Mfaransa Pierre Janssen alikuwa India anaangalia gesi zinazoruka pembeni mwa jua, na mwaka huo huo Mwingereza Norman Lockyer naye akauona mstari wa njano ambao uko karibu na wa chumvi lakini sio penyewe. Haukuwa wa kitu chochote kinachojulikana duniani. Wakaupa jina la jua kwa Kigiriki, heliamu. Watu walibisha, miaka inapita, mpaka 1895 William Ramsay akaikuta gesi hiyo hapa hapa duniani imejificha ndani ya madini, na mstari wake ni ule ule. Kwa hiyo kitu kilijulikana juani miaka 27 kabla hakijashikwa na mkono wa mtu duniani, kwa sababu ya mwanga tu! Na mjue kwamba heliamu hiyo hiyo ndo ile iliyotangazwa mwaka 2016 kwamba ipo kwa wingi chini ya ardhi ya bonde la Rukwa, hapa hapa Tanzania. Nikisoma habari za Rukwa mi namuona Janssen na kioo chake.

Kusoma mistari nako kunataka akili, sio kuangalia tu. Watu waliona mistari mingi ya chuma juani wakadhani jua limetengenezwa kama dunia. Mwaka 1925 binti wa miaka 25, Cecilia Payne, akaonyesha kwa hesabu kwamba ukubwa wa mstari unategemea pia joto la gesi, na ukirekebisha hilo nyota karibu zote ni haidrojeni, na heliamu inafuata. Mkubwa mmoja, Henry Norris Russell, alimwambia haiwezekani, mpaka binti akaandika kwenye kazi yake mwenyewe kwamba huenda matokeo hayo sio ya kweli. Miaka 4 baadaye Russell akafika pale pale kwa njia nyingine, akakubali. Hili linaniuma kila nikilikumbuka. Ila pia linamjibu ndugu yetu, maana ingekuwa ni mambo ya kubuni, neno la mkubwa lingebaki limesimama mpaka leo. Lilianguka kwa sababu mwanga ulisema vingine.

Sasa nirudi kwa ami na taa yake. Nyota za mbali sana ile hatua ya kilometa milioni 300 haitoshi, pembe inapotea. Unahitaji taa ambayo unaijua. Mwanamke mwingine, Henrietta Leavitt, alikuwa Harvard akipima ukali wa nyota kwenye vioo vya picha, mwaka 1912 akaonyesha nyota 25 kwenye Wingu Dogo la Magellan, kundi la nyota linaloonekana angani kama kiwingu, ambazo zinafifia na kung'aa kwa zamu, kama zinapumua, na zile zinazopumua polepole ndo zenye ukali mkubwa, kwa mpangilio kabisa. Zote ziko kwenye wingu moja, yaani umbali wao ni kama sawa, kwa hiyo kulinganisha ni halali. Maana yake ukihesabu siku za pumzi yake unajua taa yenyewe ni ya ukubwa gani, halafu kwa kufifia kwake unajua umbali. Edwin Hubble mwaka 1923 akaipata nyota ya namna hiyo ndani ya Andromeda, lile doa ambalo Abd al-Rahman al-Sufi alishaliandika mwaka 964 kuwa ni kiwingu kidogo, ikaonekana iko nje kabisa ya kundi letu la nyota. Leo tunajua ni miaka ya mwanga kama milioni 2.5. Wingu Dogo lenyewe na kubwa lake sisi wa huku tunayaona kwa macho bila darubini, toka nje ya taa za mji, nenda Kigombe usiku wa giza uangalie kusini juu ya bahari, watu wa Ulaya wanapanda ndege kuja kuyaona.

Mistari hiyo hiyo inasema pia nani anakuja na nani anaondoka. Simama barabarani pale Segera basi lipite linapiga honi, likija sauti nyembamba, likishapita inakuwa nzito. Christian Doppler alilieleza hilo mwaka 1842. Kwenye mwanga, kitu kikija mistari inasogea upande wa bluu, kikiondoka inasogea upande wa nyekundu, na unapima imesogea kiasi gani. Andromeda inatujia, karibu kilometa 300 kila sekunde. Galaksi nyingi za mbali, yaani makundi ya nyota kama hili letu, zinaondoka, na Hubble alionyesha mwaka 1929 kwamba iliyo mbali zaidi inaondoka kwa kasi zaidi. Kwa njia hiyo hiyo Michel Mayor na Didier Queloz mwaka 1995 waliona nyota ya 51 Pegasi inayumba, mita kama 55 tu kwa sekunde, mbele nyuma, mbele nyuma, kila siku 4 na kidogo, kumbe kuna sayari inaizunguka inaivuta.

Kuna njia nyingine ya sayari ambayo mtu wa Tanga haihitaji kuelezwa, ngalawa ikipita mbele ya taa ya mbali taa inapungua kidogo kisha inarudi. Nyota moja iliyopatikana na sayari kwa njia hiyo, WASP-71, mwaka 2019 nchi yetu ilipewa kuipa jina kupitia Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, ikaitwa Mpingo, na sayari yake Tanzanite! Ni sayari yenye uzito zaidi ya mara 2 ya Mshtarii, inamaliza mzunguko kwa siku 2.9 tu, na inavyopita mwanga wa nyota unapungua chini ya asilimia 1. Kuna jina la mti wetu juu kule na nimeuliza vijana kumi hapa kijiweni hakuna hata mmoja anayejua.

Lakini taa ikipungua usikimbilie kusema imekufa. Mwisho wa 2019 kuingia 2020 Betelgeuse ilififia mpaka ikaonekana kwa macho kabisa, kwenye magrupu ya WhatsApp watu wakasambaza kwamba inalipuka kesho. Wanaojua kazi waliendelea kupima, na uchunguzi uliochapishwa 2021 ukaonyesha nyota ilikuwa imetema gesi, ikapoa, ikawa wingu la vumbi likakaa mbele ya uso wake. Nyota ikarudi kung'aa.

Na kuna mwanga usioonekana kabisa. Chukua rimoti ya TV, bonyeza huku umeielekeza kwenye kamera ya mbele ya simu, utaona kitaa kinawaka ambacho jicho halikioni. Hiyo ni infraredi, William Herschel aliigundua mwaka 1800 kwa kipimajoto. Darubini ya James Webb iliyorushwa Desemba 25, 2021, kioo chake mita 6.5, inapima infraredi, na iko kilometa milioni 1.5 kutoka hapa ili joto la dunia lisiisumbue. Infraredi inapenya vumbi ambalo mwanga wa kawaida linauzuia. Mawimbi ya redio nayo ni jamaa huyo huyo. Afrika Kusini wanajenga mtambo mkubwa wa kuyapokea kutoka angani, unaitwa SKA, na kwenye zile nchi 8 washirika za Afrika Kenya wamo, Msumbiji wamo, Zambia wamo. Sisi hatumo. Nauliza kwa uchungu, kwa nini?

Labda jibu linaanzia huku chini. Shule niliyosoma, siitaji, prizimu ilikuwepo. Moja. Imefungiwa kabatini, mwalimu alituchorea ubaoni, sisi tukachora daftarini, tukafaulu swali. Mara ya kwanza kuona mwanga umechambuliwa kwa macho yangu nilikuwa mtu mzima nina duka, CD ya taarab iliyokwaruzika imelala mezani, taa ya energy saver iko juu, nikaona kwenye CD rangi zimekaa vipande vipande zimeachana, halafu nikawasha balbu ile ya zamani ya waya, rangi zikaungana zote bila pengo. Nilikaa chini. Kumbe miaka yote hiyo taa mbili zilikuwa zinasema vitu tofauti hapo juu ya kichwa changu.

Kwa hiyo mhariri ombi langu ni dogo. Hilo swali la futi mlilichapa, naomba na jibu mlichape, na kama mna nafasi hata robo ukurasa kwa mwezi wekeni kona ya anga, iseme giza la mwezi huu nini kinaonekana na kimepimwaje, kwa Kiswahili, wavuvi wataisoma na watoto wataisoma. Walimu wa fizikia wa mkoa huu nawaomba mtoe hizo prizimu kabatini, na kama hakuna, CD mbovu zimejaa mtaani, mi mwenyewe ninazo ndoo nzima natoa bure. Ila waambieni watoto wasiangalie jua, wala kwa CD wala kwa kioo chochote, jicho likiungua halina fundi.

Na ndugu yangu uliyeuliza, sijui uko Muheza au Korogwe au hapa hapa mjini. Kilimia kiko juu usiku huu, kile kikundi ambacho wazee walikiangalia kabla ya kushika jembe. Ni nyota za bluu, kwa hiyo ni za moto, na kwa kuwa za bluu zinaungua haraka na bado zipo, ina maana ni changa. Mwanga utakaouona ulitoka huko miaka kama 440 iliyopita, Wareno wakiwa kwenye pwani hii. Uangalie, halafu uandike tena.

Fundi simu,
Ngamiani, Tanga